Kadi Yenye Kigurudumu

Jana mtu ameniambia tena: "Dada, mbona unajitesa? Michezo yote hiyo ya zamani siku hizi iko kwenye simu." Ni kijana wa kompyuta pale hotelini Diani ninapofanya kazi mapokezi. Ana roho nzuri, sikatai. Aliniletea hata kadi ya sauti, ndogo, safi, ina matundu ya rangi rangi, akasema kama lazima nijitese basi niweke hiyo, niachane na lile "libao la kale" nililomwonyesha. Nikamwambia asante, nikaifunga kwenye gazeti, nikaondoka. Sikutaka kueleza. Nimechoka kuelezea watu vitu ambavyo wameshaamua kuvicheka.

Lakini nilipofika nyumbani nikafungua kasha la kompyuta kuukuu niliyoitoa kwenye saiba moja ya intaneti iliyofungwa Msambweni, na harufu ikanipiga usoni. Vumbi lililoungua, shaba, na ule uvundo wa chumvi ambao kila kitu huku pwani huupata kikikaa sana. Nikakaa sakafuni na bisibisi mkononi. Basi nitaeleza, ila kwenu nyinyi wa rika langu, mliokua wakati kompyuta ilikuwa na mgongo kama gunia la nazi, na ukiiwasha inanguruma kwanza kama mzee anayesafisha koo.

Baba alikuwa fundi wa umeme kwenye hoteli. Hoteli ile ilikuwa na chumba cha watoto wa wageni, chenye kompyuta za michezo, na zilipoletwa mpya, za zamani zikarundikwa nyuma ya jikoni karibu na mapipa. Baba akaomba moja. Alikuja nayo Ukunda kwa mkokoteni, ameifunika shuka, na jirani akauliza kama tumenunua friji. "Afadhali friji," Mama akasema, lakini alikuwa anacheka. Baba akaiweka ukumbini juu ya meza yake ya mbao. Ilikuwa na mchezo mmoja nilioupenda kuliko chakula: ndege ndogo nyekundu inayopeleka mizigo visiwani, inapita kati ya milima na mawingu, ukigonga mlima unaanza upya. Ila ilikuwa kimya. Ndege inaruka kimya, inaanguka kimya.

"Baba, mbona haisemi?"

"Bado. Nikimaliza kuishughulikia itasema mpaka mzibe masikio."

Akawa kila jioni akitoka kazini anaifungua, anachungulia ndani, anapuliza vumbi, anaifunga. Mimi nilidhani anaifundisha kusema. Sikumwuliza zaidi. Kisha Jumatano moja akaumwa kichwa, na Ijumaa tukamzika.

Mnajua nyumba ya matanga inavyokuwa. Mikeka imetandikwa mpaka uani, wanawake wamejaa, masufuria ya watu wengine jikoni kwako. Kitu ninachokikumbuka kuliko kilio ni Bibi, mama yake Baba, akiiendea redio. Aliishika ile redio ya kaseti kama anayemshika mtoto mgonjwa, akakizungusha kigurudumu cha sauti mpaka kikalia tik, akaifunika kanga. Kisha akaiendea kompyuta, akaifunika kanga ya pili. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimesimama mlangoni, na hapo hapo nikaelewa kila kitu. Yaani nilidhani nimeelewa. Kila kitu chenye sauti katika nyumba yetu kimewekwa matanga. Vitu pia vinalia Baba, na namna yao ya kulia ni kunyamaza.

"Bibi, mpaka lini?"

"Mpaka arubaini, mjukuu wangu."

Nikahesabu. Nilikuwa natia alama kwa mkaa nyuma ya mlango wa choo, na sikumwambia mtu. Siku ya arubaini kikasomwa kisomo, masinia yakatoka, watu wakala, na wageni wa mbali walipoanza kuondoka Bibi akaifunua redio. Tik, kigurudumu kikafunguka, sauti ya mtangazaji ikatoka kwa unyonge, maana Bibi aliiacha chini. Mimi nikaruka. Nikaivua kompyuta kanga yake, nikawasha, nikangoja ingurume, nikaufungua mchezo wangu. Ndege nyekundu ikaruka.

Kimya.

Nikaipiga kofi. Nikaipiga tena. Nililia siku ile kuliko siku ya maziko, na watu walidhani namlilia Baba, wakanikumbatia. Kumbe nilikuwa nalia kwa hasira na haya. Sisi wote tumemaliza, watu wameshiba pilau, redio inasoma bei za samaki, na yeye peke yake, kompyuta ya watu, bado amenyamaza. Nikaona imempenda Baba kuliko sisi.

Siku hiyo hiyo vitu vya marehemu vikagawanywa. Mashati yakaenda kwa binamu zake, baiskeli kwa mtu, kisanduku cha vifaa kikachukuliwa na Ami Rashidi, mdogo wake Baba, mwenye duka Kikoneni. Ami hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka na wa sauti, anayeona chumba kizima kwa macho ya mtu anayehama. Akaigonga meza kwa vidole.

"Hii meza nitaichukua, duka langu halina. Na hili dubwana, kule kwetu yuko mtu ananunua vyuma."

"Ami, hiyo ni ya Baba," nikasema.

"Kila kitu hapa ni cha baba yako, mwanangu. Ndiyo maana tunagawa."

"Lakini hii inafanya kazi!"

"Kazi gani? Nimekutazama hapa, mnatazamana tu kama bubu na kiziwi."

Watu wakacheka. "Si bubu," nikasema. "Inalia."

Sasa wakacheka kweli kweli. Hata kaka yangu Hamadi, ambaye alikuwa na miaka kumi na minne na alikuwa hajacheka tangu siku ile, akacheka kwa pua. "We Siti, we mjinga kweli. Hiyo haina kadi ya sauti. Baba aliitoa, akaipeleka kwa fundi Kona ya Musa. Bila kadi haiwezi kusema hata ukiipiga mpaka Idi."

Ndiyo mara ya kwanza kusikia kwamba kuna kitu kinaitwa kadi ya sauti. Sikumwamini hata kidogo, lakini nikaona upenyo. "Nikiileta hiyo kadi na ikasema, Ami?"

Ami Rashidi akawatazama watu, kama anayetaka wote wasikie. "Haya. Ijumaa baada ya sala nakuja na pikapu. Likisema, ni lako, na meza yake ni yako. Likinyamaza, Kikoneni."

"Rashidi, usimfanyie mtoto mzaha," Bibi akasema.

"Si mzaha, mama. Nimeahidi mbele ya watu."

Mama hakuwa pale ukumbini. Alikuwa eda, chumbani nyuma ya pazia, na kwa siku arubaini alikuwa hajasema zaidi ya "ndiyo," "hapana," na "leteni maji." Kesho yake asubuhi nikaenda nikasimama nje ya pazia. Nikamwamkia, nikamweleza yote kwa pumzi moja. Nilidhani atanikataza. Shangazi zangu walikuwa wameshasema: mtoto wa kike, nyumba ina eda, anataka kwenda kuzurura Kona ya Musa kwa mafundi, kwa ajili ya mchezo! Na mimi nilikuwa nimeshajiapiza kwamba wakinikataza nitatoroka, nipigwe nikirudi.

Pazia likasogea kidogo. Kisha Mama akasema, "Nenda na Hamadi. Jitande mtandio vizuri. Na usirudi mikono mitupu."

Kibanda cha fundi kilikuwa nyuma ya wauza viatu, kimejaa televisheni zilizofunguliwa matumbo. Yeye alikuwa mtu wa bara, tulimwita Fundi Mwangi, na Kiswahili chake kilikuwa kinatuchekesha. Hamadi akatoa salamu, mimi nikasema shikamoo, na Fundi akasita, kama watu wa bara wanavyosita kwanza, kabla hajasema marahaba.

"Nyinyi ni wa yule mzee wa hoteli? Ebu poleni sana. Wallahi nilikuwa nashangaa mbona haji." Aliisema "wallahi" kama mtu aliyeiazima. Akainama chini ya meza, akatoka na boksi la viatu. "Alileta kadi mbili. Zilikuwa na kutu, chumvi ya huku inakula kila kitu. Akasema nisafishe zote, yeye achukue moja, ingine nibaki nayo. Sasa ipi, hakuniambia. Chagueni."

Akaziweka mezani. Moja fupi, ya kijani inayong'aa, ina matundu matatu ya rangi, na jina lake limeandikwa kwa dhahabu. Nyingine ndefu kama mkono wangu, rangi ya udongo, imejaa vidude vyeusi kama mende waliopangwa foleni.

"Hii fupi," Hamadi akasema hapo hapo.

"Si ndio," Fundi akasema. "Hiyo ndio iko sawa. Ngoma, muvi, kila kitu. Hii ingine ni mambo ya kitambo, yaani hata mimi nilikuwa mtoto."

Mimi nikaichukua ile ndefu, nikaigeuza. Na pale ukingoni, kwenye kile kibati kinachotokeza nje ya kompyuta, nikakiona. Kigurudumu. Kidogo, cheusi, chenye meno meno, sawasawa na cha redio yetu. Nikakigusa. Kilikuwa kimezungushwa chini mpaka mwisho.

Nitasema ukweli jinsi ulivyokuwa, mcheke mkitaka. Moyo wangu uliruka kwa sababu nilipata ushahidi. Hii ndiyo kadi ya Baba. Imezungushwa chini kwa ajili ya matanga, kama redio. Ile fupi haina kigurudumu, haina pa kunyamazishwa, haiwezi kumlilia mtu.

"Nataka hii."

"We Siti!" Hamadi akanipokonya. "Umesikia fundi? Hii ni takataka. Hiyo nyingine tutapiga hata nyimbo."

"Baba hakuileta kwa nyimbo. Ni ya michezo."

"Baba amekufa!"

Ilimtoka kwa sauti, mpaka muuza viatu akageuka. Hamadi akaangalia chini. Mimi sikulia. Nikainyoosha mikono yote miwili na kuichukua kadi ndefu kutoka mikononi mwake, na hakuishika tena. "Najua," nikasema. "Nataka hii."

Fundi Mwangi akakuna kidevu. Akachukua kifutio cha penseli, akasugua pini za shaba za ile kadi mpaka zikang'aa, akanionyesha niendelee kusugua mwenyewe. "Kila mwezi, sawa? Huku kwenu bahari haina huruma." Akatufungia pia spika mbili ndogo alizozitoa kwenye redio iliyokufa, akasema hizo hazina umeme wake, zitategemea kadi.

Alhamisi tukaifungua kompyuta. Bisibisi ya Baba ilikuwa imeshakwenda Kikoneni na kile kisanduku, kwa hiyo tukafungulia ncha ya kisu cha jikoni. Hamadi alikuwa bado amenuna lakini mikono yake ilitaka kufanya kazi. Ndani mlikuwa na matundu mafupi meupe na moja refu jeusi, na kadi yetu ikaingia kwenye lile refu, ikazama kama mguu kwenye kiatu chake. Tukawasha. Ndege ikaruka. Kimya.

"Nilikwambia," Hamadi akasema, lakini hakusema kwa furaha. Akaingia kwenye ule ukurasa wa kupanga mchezo, akakuta unauliza namba za kadi, na hatukuwa na namba. Ijumaa asubuhi nikakimbia peke yangu mpaka Kona ya Musa, mtandio mkononi, shangazi wanaita nyuma yangu. Fundi alikuwa ndiyo anafungua kibanda. Akaniambia: "Mia mbili ishirini, tano, moja." Sikuwa na kalamu. Nikazisoma njia nzima kama ninavyosoma Kurani chuoni, kwa sauti, mia mbili ishirini, tano, moja, na mwanamke mmoja mwuza mahamri akanijibu "amin."

Tukaziingiza. Bado kimya. Hamadi akakiacha kiti, akaenda msikitini, maana adhana ilikuwa imeshapita.

Na hapa ndipo pana jambo ambalo sikumwambia hata yeye. Mimi nilikuwa nimekiona kile kigurudumu nyuma ya kasha. Nilijua kiko chini. Nilijua tangu kibandani, na mara mbili nilishapeleka kidole nikakirudisha. Kwa sababu Mama bado yuko eda. Redio imefunguliwa, lakini kwa unyonge, na kadi haikufunguliwa kabisa. Nikaona inamfuata Mama, si sisi, na mimi ni nani wa kumtoa mtu kwenye kilio chake? Kwa hiyo nilikuwa nangoja namba zifanye, au dua, au chochote, ili nisije kuwa mimi niliyevunja.

Pikapu ikapiga honi. Ami Rashidi akaingia na kanzu yake ya Ijumaa, jasho shingoni, nyuma yake Hamadi na kijana mmoja wa kubeba. Ami akaitazama ndege nyekundu inavyopita kimya kimya kati ya mawingu.

"Haya Siti. Imesema?"

Nikaipandisha ndege juu ya mlima mwingine.

"Basi, mwanangu. Umejitahidi." Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulionitia wazimu. Angenicheka ningestahimili. Akamwashiria kijana, kijana akashika upande mmoja wa meza, meza ikanyanyuka, na ndege ikainama na skrini yake kama inayoanguka kweli.

Nikapenyeza mkono nyuma ya kasha. Nikasema moyoni, Mama nisamehe. Nikakizungusha kigurudumu, si kidogo, nikakizungusha mpaka mwisho wa juu.

Wallahi nyumba ilitikisika. Injini ya ndege ikanguruma, halafu muziki ukaruka juu yake, tarumbeta na ngoma na vinanda vya ajabu, kwenye vispika viwili vilivyokuwa vinacheza juu ya meza kwa kishindo. Kijana akaachia meza. Jikoni sahani ikaanguka. Shangazi wakatoka wote kwa pamoja.

"Astaghfirullah!" Ami akapaza sauti juu ya muziki. "Zima! Zima hiyo! Nyumba ya eda hii!"

Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kigurudumu. Nilitaka kukirudisha, na sikukirudisha. Nilimtazama Ami machoni, kitu ambacho sikuwahi kumfanyia mtu mzima yeyote.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia. Haikuwa kubwa, lakini ilikuwa sauti ya Mama ya zamani, ile ya kuitia watu chakula.

"Siti."

"Labeka Mama."

"Ongeza. Nami nisikie."

"Shemeji," Ami akaanza, "lakini watu watasema..."

"Shemeji Rashidi, karibu, shikamoo. Uliahidi mbele ya watu ikisema ni yake. Imesema. Kama hukusikia, mtoto ataongeza."

Haikuwa na pa kuongezwa, ilikuwa imeshafika mwisho. Ami Rashidi akasimama katikati ya ukumbi na muziki wa ndege ukimpiga kifuani. Bibi, aliyekaa kwenye mkeka pembeni, akaanza kucheka chini chini, akajifunika uso kwa kanga. Ami akamtazama mama yake, akatazama pazia, akatikisa kichwa. Akaondoka na pikapu tupu. Wiki iliyofuata akamtuma kijana arudishe bisibisi.

Baadaye sana, sekondari, ndiyo nikajua kwamba michezo ile ya zamani isingetoa sauti kwa ile kadi fupi, na vile vispika visivyo na umeme wake visingelia kwake. Nilichagua sawa kwa sababu ambayo haikuwa na kichwa wala miguu. Watu wakiniambia hivyo najibu kwamba Hamadi na Fundi walikuwa na sababu nzuri tu, na wangechagua vibaya. Eda yote iliyobaki, kila alasiri Mama alikuwa anaita kutoka chumbani, "Mmefika kisiwa cha ngapi?" na tunamwambia.

Kompyuta ile chumvi iliimaliza. Kadi haikuimaliza, kwa sababu niliisugua kwa kifutio kila mwezi, na nilipohama niliifunga kwenye ile ile kanga ya matanga. Ndiyo "libao la kale" la yule kijana. Jana nimeziweka mbili kitandani, yake na yangu, kwa heshima tu, maana mkono ulikuwa umeshaamua. Yangu ikazama kwenye tundu refu jeusi. Mia mbili ishirini, tano, moja. Kigurudumu nikakipandisha juu kabisa kabla hata ya kuwasha.

Kisha nikampigia Mama. Hata shikamoo haijaisha nikaisogeza simu kwenye spika. Akasikiliza mpaka ndege ikatua. Halafu akauliza kama nimekula.

Nikamwambia bado, na sili kitu mpaka nifike kisiwa cha mwisho. Jirani amegonga ukuta mara mbili. Agonge.